Kama Julai tupo mbali na jua, mbona London wanaungua joto?

"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi nipo Konde, Pemba, nina mikarafuu kidogo na ngarawa. Mwanangu yupo darasa la sita, skuli wameulizwa kwa nini dunia ina misimu, akaja kuniuliza mie. Nikamwambia dunia ikilikaribia jua joto, ikienda mbali baridi, si tunaona wenyewe Januari joto na Julai kipupwe. Kaenda kuandika hivo kakosa. Nikampigia dada angu yupo London ananambia Julai wao ndo wanaungua joto na Januari barafu. Dunia moja, jua moja, inakuaje? Halafu wazee wetu hapa wanasema misimu inaletwa na pepo, kaskazi na kusi, sasa nani mkweli? Na mbona siku hizi masika hayaji kwa wakati wake, au hiyo dunia imehama njia? Marehemu baba akihesabu miongo ya siku kumi kumi tokea Nairuzi, mwaka mpya wa wazee, mie naangalia simu. Nifate lipi?"

Waalaykum salaam kaka. Hilo ni swali moja lakini ndani yake mna manne, basi nistahamilie nitakwenda pole pole. Kwa ufupi wasiwasi wako ni huu: unaona kwa macho yako Januari joto Julai baridi, ukamwambia mtoto unachokiona, skuli wakamwambia kakosa, na dada ako akazidi kukuvuruga.

Na nikwambie kitu, nusu ya ulomwambia mtoto ni kweli kabisa. Dunia inalizunguka jua kwa njia ambayo si duara kamili, mwanzoni mwa Januari inakuwa karibu na jua, kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai inakuwa mbali, kama milioni 152. Kwa hiyo ni kweli kwamba wakati wa kipupwe tupo mbali na jua na wakati wa kaskazi tupo karibu. Sie tuliopo kusini ya ikweta jibu la makosa linakubaliana na kalenda yetu, ndo mana linatunasa kirahisi. Mtu wa London huwezi kumdanganya nalo, maana kwake linapingana na koti alilovaa.

Sasa hizo kilomita milioni tano zinaonekana nyingi lakini kwenye masafa ya milioni 150 ni asilimia tatu na kitu tu. Nguvu ya jua linalofika duniani Januari inazidi ile ya Julai kwa asilimia kama 7. Hazo si bure, na kwetu huku karibu na ikweta, ambako mambo mengine hayabadiliki sana, huo mchango mdogo upo na siwezi kukwambia haupo. Lakini sio uletao misimu. Ingekuwa umbali ndo sababu basi dunia nzima ingepata joto pamoja na baridi pamoja, Konde na London siku moja. Na kuna jambo jengine linalomaliza ubishi: ukichukua wastani wa joto la dunia yote, mwezi wenye joto zaidi ni Julai, yaani pale pale tulipo mbali! Sababu yake ni kwamba nchi kavu nyingi zipo upande wa kaskazini na nchi kavu inashika moto haraka kuliko bahari.

Haya, kama si umbali ni nini? We umeanika karafuu, unajua. Jamvi la karafuu saa sita mchana na jamvi lile lile saa kumi na nusu, jua ni lile lile na umbali ni ule ule, lakini saa sita karafuu zinakauka unaziona na saa kumi na nusu zipo zipo tu unajiandaa kuzikusanya. Kilichobadilika ni jua limelala. Jua likiwa utosini mwanga wake unashuka wima, wote unaingia kwenye kipande kidogo cha ardhi. Likilala, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo kubwa, kila karafuu inapata kidogo, na pia unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla kufika chini. Basi misimu ni habari hiyo hiyo, ila badala ya saa za siku ni miezi ya mwaka: kuna miezi jua la adhuhuri linasimama juu na kuna miezi linalala.

Linalala kwa nini? Kwa sababu dunia imeinama. Ule mhimili inaouzunguka kila siku haukusimama wima, umeinama nyuzi 23 na nusu hivi. Na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata waliosoma. Wanadhani dunia inayumba, mara inainamia jua mara inajivuta. Hapana. Imeinama upande mmoja na inabaki hivo hivo mwaka mzima, ncha yake ya kaskazini inaelekea karibu na ile nyota ya kaskazini ya mabaharia, ambayo sie Pemba hatuioni mpaka uvuke ikweta. Usiku umeme ukikatika (na utakatika) weka mshumaa katikati ya meza, chukua chungwa ulichome kijiti cha mshikaki kutoka juu mpaka chini, kiinamishe kijiti kuelekea mlangoni kisha lizungushe chungwa kuuzunguka mshumaa huku kijiti kikiendelea kuelekea mlangoni tu, usikigeuze. Mtoto ataona mwenyewe: upande mmoja wa meza kichwa cha chungwa kinauinamia mshumaa, upande wa pili kinaupa mgongo na sasa tako la chungwa ndo linalopata mwanga. Hakuna kilichoyumba, aliyehama ni chungwa. Juni kichwa cha dunia kimelielekea jua, dada ako ana joto. Desemba ni zamu ya kusini.

Sasa tumia dada, maana umebahatika kuwa na mtu mahali pazuri. Mwambie tarehe 21 Juni asimamishe fimbo ya mita moja wima pahala tambarare, na wewe simamisha yako Konde, kila mtu apime kivuli wakati kipo kifupi kabisa. Kwako itakuwa saa sita na dakika ishirini na kitu, kwake ni saa saba mchana kwa saa zao. Wewe utapata kama sentimita 54. Yeye atapata kama sentimita 53! Nakwambia kweli, siku hiyo jua la adhuhuri la London na la Pemba yamesimama urefu karibu sawa sawa, tofauti ni kwamba chake kivuli kinaangukia kaskazini na chako kinaangukia kusini. Ila wewe siku hiyo jua linakuchwa baada ya kama saa 12, yeye linamuwakia saa 16 na nusu. Ukihesabu mwanga wa siku nzima, mawingu tukiyaacha, London inapata kama theluthi moja zaidi yetu. Ndo hilo joto analolilalamikia (hawafiki kutupita kwa sababu wametoka kwenye baridi ya miezi na bahari yao bado baridi, sie hatujawahi kupoa vizuri). Halafu rudieni tarehe 21 Desemba. Wewe utapata kama sentimita 33, sasa kimegeuka kimeangukia kaskazini, na yeye atapata kivuli cha mita tatu na sentimita 70, ikiwa jua litatoka, na mchana wake hautimii saa 8. Jua limelala kama la kwetu jioni na siku fupi juu yake. Barafu itakosa vipi.

Hata bila fimbo hii unaijua, hujaizingatia tu. Kibla chetu huku ni kaskazini karibu moja kwa moja, maana Makka ipo juu yetu kwenye ramani. Basi ukisimama uwanjani kwa sala ya adhuhuri mwezi wa Juni jua lipo mbele yako upande wa kibla, na kivuli chako kipo nyuma. Desemba jua lipo mgongoni na kivuli kipo mbele. Na kati ya hapo zipo siku mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa, fimbo haina kivuli: kwenu Konde ni Machi 7 au 8 hivi kwenye saa sita na nusu, na Oktoba 5 au 6 hivi kwenye saa sita na dakika kumi. Unguja mjini Machi inatangulia siku tatu hivi na Oktoba inachelewa siku mbili tatu. Makka nao wana zao mbili, Mei 27 au 28 na Julai 15 au 16, na mashekhe wetu wanazijua siku hizo kwa sababu ukiangalia jua saa sita na dakika 18 ile ya Mei, au saa sita na dakika 27 ile ya Julai, unaangalia kibla barabara. Saa zetu na za Saudia ni zile zile kwa hiyo hakuna hesabu ya kufanya. Jua linasafiri hivo, linakwenda kaskazini mpaka kuipita Makka kidogo tarehe 21 Juni, linarudi, linatupita sie, linashuka mpaka sehemu za kusini za Msumbiji na Madagascar Desemba, linarudi tena. Kama dunia ingekuwa imesimama wima hilo jua lingekaa juu ya ikweta mwaka mzima na mwanao asingeulizwa swali.

Nimetaja urefu wa mchana, tuumalize. Konde mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa vinapishana kama dakika 35 tu, ndo mana hatuhisi. Funga inahisi. 2015 Ramadhani iliangukia Juni na Julai, sie tulifunga kama saa 13 kama kawaida yetu, waliokuwa London walikuwa wanafunga saa 18 na zaidi. Ikija kuangukia Desemba, na itaangukia maana mwaka wa mwezi muandamo ni siku 354 au 355 na kila mwaka unarudi nyuma siku 11 hivi, wao watafuturu baada ya saa 10 hivi na sie tupo pale pale.

Sasa tuje kwa wazee. Wazee ni wakweli. Wanachokisema hakigombani na skuli, ni hatua ya pili ya jambo lile lile. Kwa sababu kwetu jua halilali sana na mchana haubadiliki, misimu yetu haiji moja kwa moja kutoka juani, inakuja kwa upepo. Lakini upepo wenyewe nani kautuma? Juni mpaka Agosti jua lipo kaskazini, linaichoma nchi kavu ya India, Pakistani na Arabuni, hewa ya kule inapata moto inakuwa nyepesi inapanda juu, na hewa ya baharini huku kusini inavutwa kwenda kujaza. Inatoka kusini ya Bahari ya Hindi ambako wakati huo ni baridi, inapita kwetu, inavuka ikweta inapinda kuelekea India kwa sababu dunia inazunguka. Huo ndo kusi. Kwa hiyo ile baridi ya kipupwe umeletewa kutoka kusini na umeletewa na joto la Asia. Desemba mpaka Machi Asia imepoa, mambo yanageuka, hewa inamiminika kutoka kule kuja huku, huo ni kaskazi, na majahazi ya Arabuni na India yakija nao na kuondoka na kusi kwa mamia ya miaka bila kujua nyuzi 23 na nusu ni kitu gani.

Mvua nayo imo humo humo. Pale pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana hewa inapanda, inapoa, inakuwa mawingu, na TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, utawasikia wanapaita hapo ukanda wa mvua. Ukanda huo unalifuata jua lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayeburuta kiatu. Ukipanda kwenda kaskazini unatupitia Machi mpaka Mei, tunapata masika, ukishuka kurudi kusini unatupitia Oktoba mpaka Desemba, tunapata vuli. Julai upo mbali kaskazini, tunabaki na mchoo, mvua ndogo ndogo za hapa na pale.

Utaniuliza, jua linapita utosini Oktoba na Machi, mbona joto la kuungulia ni Februari na Machi na sio Oktoba? Bahari. Maji yanachukua muda kupata joto na muda kupoa. Oktoba bahari yetu bado ina baridi ya kusi, ikifika Machi imeshachomwa miezi mitano mfululizo na upepo wa kaskazi hauipoozi. Ndo mana mchana wa Februari unafika nyuzi 32, 33 na Julai unakaa 28 hivi. London tofauti hiyo ya nyuzi nne tano wanaipata kati ya Jumatatu na Jumanne.

Kuhusu masika kuchelewa: dunia haijahama njia kaka, hilo lilale. Mwinamo unabadilika kweli, kati ya nyuzi 22 na 24 na nusu, lakini mzunguko wake ni miaka kama 41,000, we na mimi na wajukuu zetu hatutauona. Kinachobadilika mwaka hadi mwaka ni bahari na hewa. Upande wetu wa Bahari ya Hindi ukiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa, vuli inakuwa kubwa kupita kiasi, kama 2019. El Nino, yaani maji ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, ikijiunga inazidi, kama 2023. Na juu ya hayo yote kuna joto la dunia linalopanda kwa sababu ya mafuta na makaa tunayochoma, bahari inapata joto zaidi na mvua zinakuja kwa vishindo, siku tatu za mafuriko halafu wiki mbili kavu. Jua lenyewe linafika pale pale tarehe zile zile. Fimbo yako itakuthibitishia, Machi ijayo kivuli kitapotea siku ile ile hata kama mvua haijatia mguu.

Miongo au simu? Kwanza kalenda ya Hijria iache kwenye ibada, kwa msimu haifai, inazunguka misimu yote ndani ya miaka 33 hivi. Nairuzi ni kalenda ya jua, siku 365, wazee waliigawa miongo ya siku kumi kumi wakajua mwongo gani unapanda mpunga na mwongo gani bahari haiendeki, na mimi naiheshimu khasa kwa sababu imejaa uzoefu wa mahali petu penyewe. Ina kasoro moja, mwaka wa kweli ni siku 365 na karibu robo, na mwaka wa Nairuzi haurudishi ile robo, kwa hiyo inateleza siku moja kila miaka minne. Katika umri wa mtu mmoja ni siku kumi na tano, ishirini. Ukihesabu mwongo wa babu bila kurekebisha utapanda mapema. Kwa hiyo hesabu ya baba ako itakwambia msimu wa kawaida unakuwaje, ila haiwezi kukwambia mwaka huu utakuwaje. Simu nayo, zile programu zinazokuja na simu zinakupa hali ya hewa iliyohesabiwa na kompyuta mbali huko kwa eneo kubwa, kwa leo na kesho zinasaidia, ukiona imekwambia mvua ya siku ya kumi na mbili usiigombee.

Kwa jambo la pesa au la roho usitegemee mimi wala simu peke yake. TMA wanatoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli, na tahadhari za upepo mkali na mawimbi kila zinapotokea, wapo Unguja na Pemba, nenda kaulize mtu kwa mdomo, swali la kuanika karafuu wiki hii wanalielewa. Na kusi likichacha, kabla hujatoa ngarawa waulize na wavuvi wenzio waliotoka asubuhi hiyo, maana mkondo wa kwenu ufukweni hakuna mtambo unaoujua kama wao.

Mwanao mwambie akiulizwa tena aandike hivi: misimu inatokea kwa sababu mhimili wa dunia umeinama na dunia inalizunguka jua, hivyo nusu ya kaskazini na nusu ya kusini zinapokezana kupata jua la wima na mchana mrefu. Na kama kwenye daftari lake imeandikwa umbali na aliyeiandika ni mwalimu, usiende na hasira, chukua daftari na namba ya dada ako, nenda nayo skuli ukazungumze na mwalimu wa sayansi, na muombe siku ya Oktoba 5 watoto watolewe nje saa sita na dakika tano kila mmoja na fimbo yake.